Mama anakwenda Fiji kulea mzazi: viza, sindano na samli

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mkaazi wa Mombasa. Kaka yangu anafundisha chuo kikuu huko Suva, Fiji, huu mwaka wa tatu. Wifi yangu anatarajia kujifungua mtoto wa kwanza, na Mama, mwenye miaka 67, ameapa kwamba mjukuu hatazaliwa ugenini bila yeye kuwepo kumlea mzazi. Mimi nitamsindikiza, tukae miezi mitatu. Ajenti ametuambia Fiji haitaki viza kwa Wakenya, kwa hivyo mambo ni rahisi, na ametutafutia tiketi za bei nafuu kupitia Dubai na Sydney. Je, ni kweli hatuhitaji viza yoyote? Mimi nilidungwa sindano ya homa ya manjano mwaka 2012, nasikia imeshaisha. Mama hajawahi kudungwa, na ana sukari na presha, anatumia insulini. Tunywe dawa za kuzuia malaria? Tena Mama ameshaanza kufunga mzigo: samli, asali, habasoda, unga wa wimbi, dagaa, majani ya mwarobaini, ubani, mkeka na kanga. Nasikia forodha ya huko haina mchezo."

Marahaba, mwanangu. Hongereni kwa mgeni anayekuja, na mpe Mama salamu zangu. Mzazi kulelewa ugenini na mama mkwe aliyevuka bahari mbili ni heshima ambayo wifi yako hataisahau, ndiyo maana nataka mfike salama, na mfike na mizigo yenu.

Ajenti wako hakusema uongo. Amekueleza habari za mlango, akanyamaza kuhusu njia. Wasafiri wengi wa kwetu wanaokwenda visiwa vya Pasifiki hukwamia hapo. Mlango wa Fiji uko wazi kwetu kuliko milango mingi ya dunia, lakini hakuna ndege inayotoka Moi au Jomo Kenyatta moja kwa moja hadi huko. Lazima upite kwa watu, na hao watu wana masharti yao.

Tuanze na mlango wenyewe. Mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza ya Fiji kabla ya kusafiri. Akifika hupewa kibali cha mgeni cha hadi miezi minne. Watanzania na Waganda nao wamo kwenye orodha hiyo. Miezi yenu mitatu inaingia bila shida. Lakini kutohitaji viza si kutohitaji chochote. Afisa wa uhamiaji atataka pasipoti ambayo bado ina uhai wa miezi sita kupita siku mtakayoondoka, tiketi ya kurudi, anwani mtakayokaa, na dalili kwamba hamtakwama bila pesa. Kaka yako na awaandikie barua ya mwaliko yenye anwani ya nyumba na simu yake, aambatanishe nakala ya kibali chake cha kazi. Ukurasa mmoja tu, lakini nimeuona ukifupisha maswali ya dakika ishirini yakawa ya dakika mbili. Na Mama akiulizwa anakwenda kufanya nini, aseme anakwenda kumwona mjukuu. Asiseme "nakwenda kulea" kwa namna inayosikika kama ameajiriwa, kwa sababu kibali cha mgeni hakiruhusu kazi.

Sasa njia. Dubai si tatizo mradi mnabadilisha ndege bila kutoka nje ya eneo la wanaopita. Sydney ndiyo penye kazi. Australia ina orodha fupi ya mataifa ambayo raia wake wanaweza kubadilisha ndege bila viza, na Kenya haimo. Kwa hivyo wewe na Mama, hata kama hamtakanyaga lami ya Sydney, mnahitaji viza ya kupita, ile wanayoiita daraja la 771. Haina malipo, inaombwa kwa mtandao, na inaruhusu kukaa hadi saa 72. Bure hiyo isiwadanganye mkailegeza: maombi huchukua muda, wataomba hati za safari na za fedha, na jibu linaweza kuwa hapana. Jambo jingine ambalo ajenti wa tiketi za bei nafuu huwa halitaji ni kwamba uwanja wa Sydney una marufuku ya ndege usiku, kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na abiria hawaruhusiwi kulala ndani ya eneo la kupita. Tiketi yenu ikiwa na usiku mmoja hapo katikati, mtalazimika kuingia nchini.

New Zealand nayo haipitiki bure: Mkenya anayebadilisha ndege Auckland anahitaji viza ya kupita. Na njia ya Marekani, kupitia Los Angeles au San Francisco, inataka viza kamili ya Marekani hata ukikaa uwanjani saa mbili tu, kwa sababu kule hakuna kupita bila kuingia.

Kama ningekuwa mimi ninayempeleka mama yangu, ningetazama Singapore au Hong Kong. Shirika la ndege la Fiji huruka kutoka miji yote miwili moja kwa moja hadi Nadi, safari ya takriban saa kumi, na Mkenya haombi viza ya kuingia Singapore kwa ziara fupi wala Hong Kong. Nauli inaweza kuwa juu kidogo na ndege haziruki kila siku, kwa hivyo mtapanga tarehe kwa kufuata ndege, si ndege kwa kufuata tarehe. Lakini kitu kikiharibika, ndege ikachelewa au Mama akachoka, mnaweza kutoka nje mkalala hoteli kama watu wengine. Kwa mzee wa miaka 67 mwenye sukari, uhuru huo nauthamini kuliko shilingi elfu kumi na tano za tofauti. Singapore inataka ujaze kadi yao ya kuwasili kwa mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika, endapo mtaingia, na inataka cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka Kenya. Nitakuja huko.

Kwa nini nakazania hivi? Kwa sababu anayekuzuia safari ya namna hii mara nyingi si afisa wa Fiji. Ni kijana wa kaunta ya ndege hapo Mombasa au Nairobi. Shirika likimpakia abiria asiye na hati kamili, hupigwa faini na kulazimishwa kumrudisha kwa gharama yake. Kwa hivyo yule kijana hufungua mtambo wake wa masharti, akaandika uraia wako na kila uwanja unaopitia, na mtambo ukisema hapana, hata ungemlilia machozi ya damu hawezi kukupa pasi ya kupanda ndege. Nilimsindikiza jamaa yangu mmoja hadi kaunta akiwa na kila kitu cha nchi anayokwenda, akarudishwa nyumbani kwa sababu ya nchi ambayo angekaa saa tatu akinywa chai. Tiketi haikurudishwa pesa.

Mhoji ajenti wako pia kama tiketi ni moja au ni mbili zilizounganishwa. Tiketi ikiwa moja, mizigo hupokelewa Nadi. Zikiwa mbili tofauti, huenda mkalazimika kuingia nchi ya katikati, kuchukua mabegi, na kuyapeleka upya kaunta. Hapo viza ya kupita pengine haitoshi, na ile samli ya Mama itakaguliwa na forodha mbili badala ya moja.

Tuje kwenye sindano. Cheti chako cha mwaka 2012 hakijaisha. Zamani kilikuwa cha miaka kumi, na ndiyo habari inayoendelea kuzunguka kwenye vituo vya matatu na hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya. Tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, dozi moja ni ya maisha, na sharti hilo linahusu hata vyeti vilivyotolewa kabla ya tarehe hiyo. Usidungwe tena, na usikubali mtu akuandikie tarehe mpya. Hakikisha tu jina kwenye kitabu cha njano linafanana herufi kwa herufi na la pasipoti. Kama umeolewa ukabadilisha jina katikati, shughulikia hilo sasa.

Watu huniuliza: Fiji haina homa ya manjano, inaniulizia cheti cha nini? Ni kwa sababu haina. Virusi hivyo husambazwa na mbu aina ya Aedes, na mbu huyo yuko Fiji tele. Kinachokosekana ni virusi tu. Akitokea mgeni mmoja mwenye virusi damuni, akaumwa na mbu wa huko, ugonjwa unapata nyumba mpya kwa watu ambao hawana kinga hata chembe. Kenya imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye hatari ya maambukizi, kwa hivyo anayetoka hapa anadaiwa cheti, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Tanzania haimo kwenye orodha hiyo, lakini ndugu zetu wa Dar es Salaam au Tanga wakipitia Nairobi au Addis Ababa na kukaa muda mrefu kubadilisha ndege, nao huhesabika. Kiwango kinachotumika sana ni saa 12. Wadungwe tu, waepuke mabishano.

Cheti huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Sindano ya siku tano kabla ya safari ni kama hakuna.

Kwa Mama, hapa nitakuwa mkweli zaidi kuliko kumfurahisha mtu. Chanjo hii ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa watu wengi haina neno, lakini mtu anayeipata kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 na zaidi ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko kijana wa kupata madhara makali ya ini, figo au mishipa ya fahamu. Ni nadra sana, ila si hadithi. Sukari na presha peke yake hazimzuii kudungwa. Yanayozuia ni mambo mengine: kinga ya mwili iliyoshuka sana, dawa za saratani, steroidi za kiwango kikubwa, ugonjwa wa tezi ya thaimasi, au mzio mkali wa mayai. Kwa hivyo Mama asipelekwe kwenye foleni ya kudungwa kama anayekata tiketi ya feri ya Likoni. Mpeleke kwa daktari anayemtibu sukari, akiwa na orodha ya dawa zake zote, apimwe figo na sukari yake itulizwe, ndipo aende kituo cha chanjo za wasafiri kinachotambuliwa na Wizara ya Afya. Fanyeni hivyo wiki sita hadi nane kabla ya safari.

Mna njia mbili, na kila moja ina bei yake. Daktari akiona anafaa, adungwe, akae nyumbani wiki mbili mkimwangalia, na homa kali, macho ya manjano au kuchanganyikiwa vikitokea, mwende hospitali siku hiyohiyo. Daktari akiona hafai, anaweza kumwandikia msamaha wa kitabibu kwenye kitabu hichohicho cha njano, wenye sababu, sahihi na muhuri. Lakini msamaha huo ni ombi, si haki. Nchi inayopokea inaweza kuukubali, kumweka mtu chini ya uangalizi, au kumtenga. Singapore, kwa mfano, inaweza kumweka karantini hadi siku sita asiye na cheti. Mkichagua njia hii, andikieni mamlaka za Fiji na za nchi mtakayopitia mapema, na mbebe majibu yao yakiwa yamechapishwa. Njia ya tatu ni ile ya kununua cheti mtaani, ambayo najua kuna atakayewatajia. Kikigundulika uwanjani Mama ndiye atakayekaa kwenye kiti cha kuhojiwa, siyo aliyekuuzia.

Dawa za kuzuia malaria msinywe. Fiji haina malaria, na sababu yake inanivutia kila nikiisimulia: mbu aina ya Anopheles, anayebeba malaria, hakuvuka kufika huko. Visiwa vya Solomon na Vanuatu yuko. Ukiendelea mashariki kuelekea Fiji, Tonga na Samoa, hayuko. Ni kama kuna mstari uliochorwa baharini.

Ila igeuze hadithi hii, maana ninyi mnatoka Mombasa. Mnaweza kuondoka na vimelea damuni bila kujua, homa ikaanza mkiwa Suva. Daktari wa Fiji, akimwona mtu ana homa na maumivu ya viungo, atawaza denge, au leptospairosisi, ule ugonjwa wa mkojo wa panya unaopatikana sana huko wakati wa mvua. Malaria haitamjia haraka kichwani kwa sababu haioni. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu hiyo, sentensi yenu ya kwanza hospitalini iwe: "Tumetoka Kenya, tafadhali tupimeni malaria." Imeokoa watu.

Denge yenyewe mnaijua. Mombasa imetupiga zaidi ya mara moja. Mbu wake huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Dawa ya kupaka, nguo ya mikono mirefu, na maji yasituame kwenye ndoo. Akishikwa na homa, Mama atumie parasetamoli tu, asiguse aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka ijulikane ni nini, kwa sababu denge huvuruga damu kuganda. Kama anakunywa aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo, muulize daktari wake kabla hamjaondoka afanyeje. Na kumbuka denge hudanganya: hatari mara nyingi huja homa inaposhuka. Tumbo kuuma sana, kutapika kusikoisha, ufizi kutoka damu, mgonjwa kulegea, hapo ni hospitali, hata iwe saa nane usiku. Suva ina Hospitali ya Colonial War Memorial, iliyo kubwa nchini. Mgonjwa mahututi sana huweza kulazimika kusafirishwa kwa ndege hadi Australia au New Zealand, na gharama hiyo inaweza kuuza nyumba, kwa hivyo bima ya safari iwe na kipengele cha kusafirisha mgonjwa na itaje wazi sukari ya Mama. Bima iliyofichwa ugonjwa hailipi.

Hukuuliza kuhusu surua, lakini mnakwenda kumbeba mtoto mchanga. Mwaka 1875 chifu mkuu wa Fiji, Cakobau, alirudi kutoka ziara ya Sydney kwa meli ya kivita ya Uingereza, Dido, na surua ikiwa ndani ya meli. Machifu wakakusanyika kumlaki, wakatawanyika visiwani. Ndani ya miezi michache walikufa watu wapatao 40,000. Miaka ya karibuni tu, 2019, surua iliua watu 83 katika nchi jirani ya Samoa, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Watu wa visiwa hawasahau meli iliyoleta maiti, na ukimwona afisa wa afya Nadi anakutazama mara mbili unapokohoa, usiudhike. Mama, kwa umri wake, yamkini aliugua surua utotoni na ana kinga. Wewe hakikisha una dozi mbili. Ukihitaji kuchanjwa, mweleze mhudumu kama kuna sindano nyingine hai, maana hizo kwa kawaida huachanishwa wiki nne. Ulizieni pia chanjo ya mafua na ya kifaduro, kwa faida ya mtoto. (Na siku kaka yako atakapomleta mtoto huyo Mombasa, wao ndio watakaohitaji dawa ya kuzuia malaria. Mtoto aliyezaliwa Suva hana kinga ya Kisauni.)

Sasa huo mzigo wa Mama. Kwa ukarimu wake Mama amekusanya karibu kila kitu ambacho kisiwa kinakiogopa.

Fiji ina mamlaka yake ya kulinda mimea na mifugo dhidi ya wadudu na magonjwa ya nje, inayojulikana kwa kifupi BAF, na maafisa wake wana madonda ya kweli. Mwaka 1883 waliletwa nguchiro kutoka Asia ili wawale panya kwenye mashamba ya miwa. Wakala ndege na mijusi wa kienyeji. Mwaka 1953 aliingia mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, na mwenye minazi Kwale au Pemba anajua maana yake. Halafu wakaja mchwa wa kigeni kutoka Asia, wakautafuna mji wa Lautoka, nyumba na shule. Nchi kavu ina majirani na mipaka inayovuja, kwa hivyo mdudu mpya huwa na adui wake karibu. Kisiwani hana adui. Akishuka begini na kupata jike, basi.

Kanuni ninayowapa wasafiri ni hii: kitu chochote kinachoweza kuota, kuanguliwa au kuoza, au kilichotoka kwa mnyama, kitajwe kwenye kadi ya kuwasili. Kutaja si kukiri kosa. Ukitaja, afisa atakitazama, akurudishie, akifukize dawa, au akichukue, na habari inaishia hapo. Usipotaja kikapatikana, ni tamko la uongo lenye faini na hata mashtaka. Mama asitie sahihi kadi ambayo hujamsomea kila mstari.

Asali iache. Kwetu ni dawa, lakini inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa unaoua mabuu ya nyuki. Havimdhuru mtu, na hukaa hai ndani ya asali miaka na miaka. Samli iache pia, ni mazao ya maziwa. Habasoda ni mbegu zinazoota. Mama akizihitaji sana, abebe mafuta yake yaliyofungwa kiwandani, na ayataje. Majani ya mwarobaini yaache. Dagaa, hata wakikauka vipi, ni mnyama. Ningewaacha, na abiria wenzenu watawashukuru. Unga wa wimbi ukiwa kwenye pakiti ya dukani ambayo haijafunguliwa, utajwe, unaweza kupita; wa kusagisha mtaani usibebwe. Ubani, utajwe. Viatu mlivyokanyagia shamba visuguliwe matope hadi kwenye soli, kwa sababu udongo ndio wanaouogopa kuliko vyote.

Mtulize Mama: hatakosa kitu. Kuanzia 1879 hadi 1916 Waingereza walipeleka Fiji zaidi ya Wahindi 60,000 kwa mikataba ya kazi kwenye miwa, kama walivyowaleta huku kujenga reli. Wajukuu zao ndio wenye maduka ya Suva. Iliki, mdalasini, binzari, pilipili manga ya ule uji wa mzazi, na samli yenyewe, vyote vipo. Nazi ni tele. Tui wanaliita lolo. Muhogo upo, na majimbi, ambayo wao huyaita dalo, ni chakula cha heshima. Kusoma majina yao pia hakutampa taabu, maana herufi zao zimeficha sauti zetu: d husomwa nd, b husomwa mb, c husomwa dh. Nadi ni Nandi, kama kaunti. Yule chifu Cakobau ni Dhakombau.

Dawa za Mama ziwe ndani ya mkoba wa mkononi, zote, kwenye vifungashio vyake, na barua ya daktari inayotaja ugonjwa, majina ya dawa, sindano na kipimo cha sukari. Insulini kamwe isiingie kwenye begi la chini ya ndege; kule inaweza kuganda, na ikiganda haifai tena. Tena Fiji iko mbele yetu saa tisa. Mkiruka kuelekea mashariki siku inafupika, kwa hivyo akifuata saa ya Mombasa na kisha ya Suva bila mpango, dozi mbili zinaweza kukaribiana mno na sukari ikaporomoka angani. Jinsi ya kuzipanga siwezi kukuandikia hapa kwa sababu inategemea aina ya insulini yake. Daktari wake akuandikie ratiba kwenye karatasi, saa kwa saa. Mwombee kiti cha magurudumu kwenye viwanja, hata kama anatembea vizuri. Atakataa. Mwombee hivyohivyo.

Pesa taslimu zikifikia dola 10,000 za Fiji, au thamani yake kwa sarafu yoyote, zitajwe. Msishangae kukuta huduma ya simu iitwayo M-PAiSA. Ni ya kwao, haisomani na laini yako. Ubalozi wa Kenya ulio karibu zaidi uko Canberra, Australia, kwa hivyo nakala za pasipoti zenu mwachieni kaka yako. Kutoka Nadi hadi Suva ni kama kilomita 190 kwa barabara. Awapokee uwanjani na mlale Nadi usiku wa kwanza. Na kama tarehe zinaangukia kati ya Novemba na Aprili, huo ni msimu wa vimbunga, basi tiketi iwe ya kubadilishika.

Imebaki mkeka. Ukindu uliosukwa kwa mkono huweza kuficha mayai ya wadudu, hivyo aidha mtautaja na kukubali lolote, au mtauacha. Mimi ningeuacha. Wanawake wa Fiji wanasuka mikeka kwa majani ya voivoi, mmea wa jamii ya mkadi wetu, na mtoto akizaliwa hutandikiwa mkeka mpya. Kaka yako amnunulie Mama mmoja sokoni Suva, amlazie mjukuu. Akitaka kurudi nao Mombasa, atautaja kwa maafisa wa KEPHIS, wakaguzi wetu wa mimea, hapo uwanjani, maana nasi tuna wadudu tusiowataka. Kanga abebe kadiri begi linavyoruhusu.